Ndoo ya Mzee Nzioka

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo tatu: wa mlango wa maabara, wa kabati la vioo, na wa droo ya pili upande wa dirisha. Mliniuliza, wenzangu, kwa nini ule wa droo niliushika kidogo kabla ya kuuachilia. Nilisema vidole vya mtu aliyezeeka ni vizito. Haikuwa kweli, na kwa kuwa sasa nina muda mwingi, na kuku wangu hawahitaji maelezo, nitawaeleza ninyi.

Nilifika katika hospitali yetu hapa Kitui mwishoni mwa miaka ya sitini, nikitokea nyumbani, kijiji cha Tulia, nikiwa na cheti kimoja na viatu vya dada yangu. Nilidhani maabara ni damu, choo na mkojo tu. Nikapelekwa chumba cha nyuma, ambacho wauguzi walikiita buchari, na huko nikamkuta Mzee Nzioka akinoa kisu. Hakuwa mzee wakati ule. Alikuwa bado hajafika miaka arobaini, lakini nadhani hata shuleni walimwita mzee.

Kazi ya chumba kile mnaijua, ila niwaeleze jinsi yeye alivyonieleza. Kipande cha mwili hulala kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, hadi kikaze. Kisha hutolewa maji, hujazwa nta, na hukatwa kwa mikrotomu, ile mashine yenye mkono wa kuzungusha, vipande vyembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Vipande hutoka vimeshikana kama utepe. Unauinua utepe kwa brashi mbili, unaulaza uelee juu ya maji ya uvuguvugu, halafu unauvua kwa kioo.

"Usipumue," aliniambia siku ile ya kwanza.

"Hata kidogo, Mzee?"

"Utapumua ukifika nyumbani."

Nilijizuia mpaka nikapiga chafya. Utepe wote uliruka ukatua kwenye sweta yake. Aliutazama kwa muda.

"Sasa mimi ndiye mgonjwa," akasema. "Andika: kidonda cha tumbo, kimehamia begani."

Baada ya hapo hakunipa mashine kwa wiki tatu. Alinipa kisu. Siku hizo hatukuwa na nyembe za kutumia na kutupa. Tulikuwa na visu vya chuma vizito kama jembe dogo, na kila mtu alinoa cha kwake juu ya kioo kilichopakwa mafuta, kisha juu ya mkanda wa ngozi. Tulikijaribu kwa unywele wa mkononi. Mkono wangu wa kushoto ulikaa bila nywele kwa miaka thelathini. Sheria yake ilikuwa moja: anayekata ndiye anayenoa. Hukati kwa kisu kilichonolewa na mwenzako, kwa sababu wakati wa kunoa ndio wakati wa kufikiria unachotaka kukata.

Sheria ya pili ilikuwa ya shahidi. Kila tulipopaka rangi kioo cha mgonjwa, tulipaka pamoja nacho kioo kingine ambacho jibu lake tulilijua tayari. Hicho alikiita shahidi. Mwaka mmoja daktari alitaka kumrudisha nyumbani mama wa Mutomo kwa kuwa rangi ya kifua kikuu haikuonyesha kitu. Mzee Nzioka alitazama kioo cha shahidi, ambacho kilijaa vijidudu tangu zamani, nacho kikawa kitupu. "Shahidi amenyamaza," akasema, "kwa hiyo mama huyu bado hajahukumiwa." Rangi ilikuwa imeharibika. Tulichanganya nyingine, na mama akaanza dawa siku ile ile.

Natamani niwaambie jinsi mikono yake ilivyokuwa, lakini mtadhani natia chumvi. Aliweza kuinua utepe wenye vipande ishirini, akanisimulia habari za ng'ombe wake wa Tawa, akautua majini bila kunyanzi hata moja. Mpaka leo nikiona mtu akitandika shuka vizuri kitandani, huwa namkumbuka.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini kidole gumba chake cha kulia kilianza kuzunguka juu ya kile cha shahada, kana kwamba anapukuchua mahindi. Kilifanya hivyo akiwa amekaa tu. Alipokishughulisha, kilitulia. Kwa hiyo alikishughulisha sana. Kisha siku moja utepe ukatoka na mistari, wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Alisimama, akaniachia kiti.

"Kaa hapa, mwiitu," akasema. Kwa Kikamba ni kusema binti, na ndivyo alivyoniita hata nikiwa na watoto watatu.

"Hapo ni kwako, Mzee."

"Nimekwambia ukae. Mimi nitaandika lebo mpaka nazo zisisomeke."

Sasa niwaeleze jambo ambalo wale mliozaliwa mjini huenda hamlijui. Miaka mingi kabla ya hapo, Mzee Nzioka alikuwa na kesi ya mpaka na binamu yake kule Tawa, kuhusu matuta matatu ya shamba. Wazee wa ukoo waliwalisha kiapo cha kithitu. Anayeapa uongo mbele ya kithitu, watu husema, huliwa polepole, yeye kwanza, kisha nyumba yake. Mzee Nzioka aliapa kwamba matuta yale yalichimbwa na baba yake, na akapewa. Sasa mkono ulipoanza kutetemeka, kisha mguu, kisha uso ukakaza asiweze kucheka vizuri, hakuna aliyehitaji daktari. Watu wa soko walikuwa na jibu.

Kanisani hawakusema kithitu, maana walikuwa wameokoka. Walisema, "Tumuombee ndugu yetu, kuna jambo." Maana ilikuwa ile ile.

Aliyeumia zaidi ni bintiye, Nduku. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kibwezi, na mbuzi wa kwanza walikuwa wameshaletwa. Kisha wazee wa Kibwezi wakatuma neno la adabu kwamba mambo yasimame kidogo, mpaka ijulikane mzee anaumwa nini. Ugonjwa wa kawaida wangeuvumilia. Kithitu hapana, kwa sababu kithitu huolewa pamoja na msichana.

Ndipo alipokuja Daktari Kioko. Alikuwa kijana wa kwetu aliyesomea Nairobi magonjwa ya ubongo, mwembamba, mwenye mkoba uliojaa karatasi. Alikuja kwetu kutafuta wagonjwa wa kutetemeka na wa kusahau, na wa kwanza kumwona akawa mtu aliyemfungulia mlango. Alimjulisha Mzee jina la ugonjwa wake, akampa dawa kila zilipopatikana, na jioni moja tukiwa tumekaa nje ya buchari akatueleza alichokuwa akikichunguza. Nitakirudia kama nilivyokisikia, kwa kuwa sijapata maelezo bora zaidi.

Seli ya ubongo inapopokea ujumbe, hufungua milango na kuingiza kalsiamu, madini yale yale ya mifupa na maziwa. Kidogo ndiyo kazi yenyewe. Bila hiyo seli haisemi na wenzake. Ikizidi ni sumu.

"Kama mvua ya hapa kwetu," akasema Daktari Kioko. "Hamna shida na mvua. Shida ni ikija yote saa moja."

"Ndiyo maana tunachimba matuta," akasema Mzee Nzioka.

"Ndiyo hivyo. Ndani ya seli kuna protini ambazo kazi yao ni kuishika kalsiamu na kuiachilia polepole. Mojawapo inaitwa kalbindini. Seli nyingine zina nyingi, nyingine hazina kabisa. Sasa mzee, kuna mstari mweusi katikati ya ubongo, na ugonjwa wako unaua seli za mstari huo. Lakini hauzimalizi. Hii inakufa, jirani yake anabaki. Kuna watu wanaona kwamba waliobaki ndio wenye kalbindini."

Kidole cha Mzee Nzioka kikaendelea kupukuchua mahindi.

"Kwa hiyo wenye matuta wanapona."

"Hatujui, mzee. Labda matuta ndiyo yanaokoa. Labda ni alama tu ya shamba ambalo tangu mwanzo lilikuwa na nguvu. Ili tujue, tunahitaji kuziona, na watu wa kwetu hatuwezi kuwaomba kitu kama hicho."

"Mbona hujaomba?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mzee Nzioka aliita kikao nyumbani kwake Tawa: wazee wa ukoo, mchungaji, mkewe Tabitha ambaye sote tulimwita Mama Nduku, Daktari Kioko na mimi. Alisema kwa sauti ile ndogo iliyobaki kwamba akifa ubongo wake utolewe, ukatwe, utazamwe. Mzee mmoja alisimama akatoka nje. Mama Nduku akamgeukia mumewe.

"Na siku ya ufufuo utaamka na nini kichwani? Pamba?"

"Tabitha, nimeng'olewa meno manne. Moja liko Machakos, mengine sijui hata yaliko. Mungu atayakusanya. Akishindwa na ubongo, basi hata wewe usimtegemee."

Mchungaji alicheka kabla ya kukumbuka yeye ni mchungaji, na hapo kikao kikalegea. Mama Nduku aliweka masharti mawili, akinitazama mimi, si daktari. Mkimaliza, kilichobaki kirudishwe kizikwe naye. Na mje mniambie kilichomla mume wangu, mniambie mbele ya watu.

"Mwende ndiye atakayekata," akasema Mzee Nzioka, akinionyesha mimi. "Ananoa vizuri."

Alifariki katika wodi yetu mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini, kabla ya mvua za Novemba. Daktari Kioko alikuja kuutoa ubongo. Tuliuweka kwenye ndoo ya fomalini yenye kifuniko, tukiuning'iniza kwa uzi uliopita chini ya mshipa wake ili usilalie kitako cha ndoo ukabonyea. Wiki mbili au tatu zinatosha. Kisha Daktari Kioko akasafiri kwenda masomoni ng'ambo, akaniachia barua: ukishakuwa tayari ukate, uniandikie, kingamwili za kupakia kalbindini nitazituma.

Sikuwa tayari. Wiki ya tatu nilijiambia nisubiri kingamwili zifike, nifanye yote kwa pamoja. Lilikuwa neno la kitaalamu, na mtu akitaka kujidanganya hakuna kitu kizuri kama neno la kitaalamu. Kweli ni kwamba kila nilipotoa kisu nikaanza kunoa, nilikuwa nafikiria nitakachokata, kama alivyonifundisha, nikakirudisha sandukuni. Nilikuwa nimekata vipande vya watu wengi mno, lakini hawakuwahi kunipa kiti chao. Ndoo ile ilikuwa kwenye rafu karibu na dirisha. Asubuhi niliisalimia. Mtanicheka, lakini chumba kilikuwa na ukimya mkubwa, na ndoo ile ndiyo iliyobaki yake.

Mama Nduku alikuja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Aliketi kwenye benchi la nje na kiondo cha ndengu za kuniletea.

"Mmemaliza kumsoma?"

"Bado, Mama Nduku. Dawa haijafika."

"Sawa. Hata akiwa hai alikuwa mgumu kusoma."

Tulicheka. Hakuwahi kunisukuma. Hivyo ukapita mwaka, na wa pili ukaenda nusu.

Safari moja alikuja bila ndengu. "Watu wa Kibwezi," akasema, "wamechukua msichana mwingine. Wamesema wamengoja vya kutosha. Siwalaumu."

Alipoondoka nilinoa kisu kirefu cha kukatia ubongo mzima. Nilinoa mpaka unywele ukakatika wenyewe. Nikatoa ubongo, nikauosha, nikakata mahali pale pa katikati alipotuonyesha Daktari Kioko. Mtu mzima wa umri wake anatakiwa kuwa na mstari mweusi pande zote mbili, kama umechorwa kwa mkaa. Pale palikuwa peupe. Kivuli kidogo tu, kama maji ya kuoshea mahindi ya muthokoi. Ule ndio ugonjwa wenyewe, na ulionekana kwa macho matupu. Haukuhitaji kingamwili, wala barua ya ng'ambo. Kukata kwenyewe hakukuchukua hata dakika moja.

Niliketi kwenye kiti chake, kiti changu, nikalia.

Niliandaa vioo kwa rangi za kawaida, nikavipeleka vikathibitishwe na mtaalamu Nairobi, nikaenda Tawa na karatasi yenye muhuri. Mama Nduku alinisikiliza hadi mwisho, karatasi ikiwa juu ya mapaja yake.

"Umejua lini?"

"Wiki iliyopita, nilipokata."

"Na ungeweza kujua lini?"

Ningeweza kusema juu ya dawa. "Wiki ya tatu baada ya kumzika," nikasema.

Alitazama nje, mahali Nduku alipokuwa akianika nguo. Kuku mmoja aliingia ndani, hakumfukuza. Kisha akasukuma kikombe upande wangu.

"Kunywa chai, itapoa." Akaongeza, "Hilo lilikuwa langu. Lile lake bado. Alitaka kujua kwa nini wengine wanabaki. Hilo usimcheleweshe."

Kingamwili zilifika hatimaye, zikiwa kwenye barafu iliyokwisha kuwa maji. Hizi ni chembe zinazotafuta kalbindini peke yake na kuishika. Sisi tunazipaka rangi ili tuone zimeshika wapi. Tulitumia nyekundu, kwa kuwa seli za mstari ule zina weusi wao wa asili na rangi ya kahawia ingetuchanganya. Nilipaka kioo cha Mzee. Hakikuonyesha wekundu wowote. Ningeweza kuandika kwamba waliobaki hawana kalbindini, na makosa yangekwenda mbali. Lakini nilikuwa nimepaka shahidi: kipande cha ubongo wake mdogo, ule wa kisogoni, wenye seli kubwa ambazo hata katika ugonjwa ule hubaki na kalbindini tele. Shahidi naye alikuwa mweupe.

Hapo nikaelewa nilichokifanya. Fomalini hukaza kwa kuunganisha protini. Ukiiacha wiki chache inahifadhi. Ukiiacha miaka, inazifunga hadi kingamwili haipati mahali pa kushika. Mapenzi yangu kwa ndoo ile yalikuwa yamefunga mlango aliotaka ufunguliwe. Nikaandika kwenye daftari: haisomeki, kosa la maabara, na jina langu. Vibonge vya nta vyenye vipande vyake nikavifungia kwenye droo ya pili pamoja na kisu chake.

Vilikaa humo miaka mitatu. Makueni ikawa wilaya, Tawa ikahama kutoka Machakos bila kusogea hata hatua. Kisha Daktari Kioko akarudi nchini, akaja Kitui akiwa na kitambi na habari: watu walikuwa wamegundua kwamba vioo vikichemshwa katika maji yenye asidi kidogo ya ndimu, kilichofungwa na fomalini kinaweza kufunguka.

"Kuchemsha?" nikamuuliza. "Kama viazi?"

"Kama viazi, dada."

Tuliwasha jiko la makaa uani na sufuria ya jikoni. Mara ya kwanza vipande vyote vilibanduka kwenye vioo vikaelea kama vipande vya vitunguu kwenye mchuzi. Mara ya pili tulivibandika kwa ute wa yai, navyo vikabanduka. Daktari Kioko akatafuta gundi nyingine. Mara ya nne vilishika. Nikapaka rangi, nikaanza na shahidi. Niliweka jicho kwenye hadubini, na zile seli kubwa zilikuwa zimesimama mstari mmoja, nyekundu, na matawi yake yote.

"Anasema nini?" akauliza Daktari Kioko.

"Shahidi amesema."

Ndipo nikaweka kioo cha Mzee. Palikuwa na uwanja mpana mtupu, vumbi jeusi limetapakaa mahali seli zilipokufa. Na upande wa juu, moja hapa, mbili pale, waliobaki. Wengi wao walikuwa wekundu. Si wote. Daktari Kioko alinikumbusha kwamba ubongo wa mtu mmoja hauthibitishi kitu, na kwamba bado haijulikani kama matuta ndiyo yaliyowaokoa. Nikamwambia najua. Nikatazama tena.

Tulikwenda Tawa kumrudisha. Kilichobaki kilikuwa ndani ya sanduku la mbao la kisu chake, kisu nilikitoa. Mchungaji aliomba, wazee walikuwepo, hata yule aliyetoka nje ya kikao. Niliweka hadubini juu ya meza uani, nikageuza kioo chake kidogo kilishike jua, nikawaeleza kama ninavyowaeleza ninyi: mvua, matuta, ugonjwa. Wakapanga foleni. Binamu wa ile kesi ya mpaka alitazama muda mrefu kuliko wote, akaondoka. Mama Nduku alitazama kwa jicho moja, mkono ukifunika jingine.

"Hawa wekundu ndio waliobaki?"

"Ndio, mama."

"Ni wachache."

"Ni wachache."

"Na hao ndio waliokuwa wakimwinua asubuhi, akavaa viatu, akaja kwako kazini." Akajiondoa, akafuta jicho kwa leso. "Wamefanya kazi."

Nduku, aliyekuwa sasa mwalimu wa chekechea, alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Nikamwita aje atazame.

"Hapana, dada Mwende," akasema. "Mimi nilijua baba hakuapa uongo. Ninyi ndio mliohitaji mashine." Alisema kwa upole, akanimiminia chai. Hajaolewa mpaka leo, na sijawahi kumuuliza.

Basi, wenzangu. Mna nyembe za kutupa sasa, na sufuria ya shinikizo, na mnafanya kazi nzuri kuliko yetu; nawaambia hivyo kwa sababu nimewatazama. Shahidi msimwache. Kisu chake kiko kwenye droo ya pili, kimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Hakuna atakayekihitaji, lakini kinoeni mara moja kwa mwaka. Na kwenye rafu ya dirishani niliacha ndoo mbili zenye lebo za mwezi uliopita. Watu wanaketi kwenye benchi kungojea. Kesho asubuhi, kabla ya chai, kateni vilivyomo.